Kopo la Maji Kabla ya Msitu

Jumapili, 23 Oktoba 2011

Misa, sombe la majani ya muhogo, pasi. Kama kila Jumapili. Mume wangu, Papa Odette, ametandaza magazeti juu ya meza ya jikoni, anasafisha bunduki yake. Harufu ya mafuta imefika mpaka kwenye mito ya kitanda. Nikafungua dirisha. Akalifunga. Tangu wiki iliyopita hatujaongea la maana, isipokuwa chumvi iko wapi na funguo ziko wapi.

Sababu ni ileile. Mwezi wa tatu anastaafu. Anasema lifti za Brussels amezitengeneza vya kutosha, sasa anataka turudi Likasi, Kongo, kwenye nyumba ya kwao, tukae huko moja kwa moja. Mimi sitaki. Binti yetu Odette yuko Laeken, hapa hapa Brussels, na watoto wake wawili. Kule Likasi watu niliowajua wamekufa au wamehama. Lakini neno "sitaki" sijalitamka. Nimesema "tutaona". Yeye si mjinga.

Alhamisi, 27 Oktoba

Ajabu. Ameniomba nimsindikize kuwinda. Mimi, ninayeogopa hata njiwa wa stesheni ya Gare du Midi.

Kila mwaka Monsieur Luc, bosi wake wa zamani, humwalika kwenye misitu ya Ardennes kuwinda nguruwe wa porini. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akikaa naye, sasa amepasuliwa nyonga. Papa Odette hakai peke yake porini. Alipokuwa akiwinda na baba yake kule Likasi, kila mwindaji alikuwa na mwenzake asiyeshika silaha. Kazi ya huyo ni kutazama na kunyamaza. Kunyamaza, na amenichagua mimi. Odette amecheka kwenye simu mpaka akakohoa.

Nimekubali. Labda kwa sababu ameomba, na yeye si mtu wa kuomba.

Ijumaa, 28 Oktoba

Madukani, Chaussée de Wavre, baada ya kazi. Huko msituni lazima uvae rangi ya machungwa ili usipigwe kwa makosa. Fulana aliyoleta Monsieur Luc haifungi kifuani. Nimenunua kipande cha kitenge cha wax, machungwa tupu, nijifunge kichwani. Mama muuzaji akauliza ni cha harusi gani. Nikamwambia cha nguruwe.

Jumapili, 30 Oktoba

Ya jana. Nina hasira, nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Kabla ya kutoka nyumbani, Papa Odette aliweka kopo la maji mezani. Ni desturi ya kwao. Mwindaji hatoki nyumba ikiwa na ugomvi. Kila mtu anasema kilicho moyoni, halafu wote wanakunywa kopo moja. Miaka yote nilimwona akifanya hivyo na kaka yangu, nikidhani ni mchezo wao wa wanaume. Akasema yeye ana huzuni kwa sababu simjibu kuhusu Likasi. Akanitazama. Nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili, na Monsieur Luc anasubiri chini na gari. Nikasema, "Sawa, tutaenda Likasi. Roho imepoa." Nikanywa. Akanywa.

Msitu ni mweusi na umelowa. Tuliwekwa mahali petu chini ya msonobari, kila mwindaji mbali na mwenzake. Kigoda cha kukunja ni kimoja tu. Akanipa mimi, yeye akasimama asubuhi nzima na goti lake bovu. Pembe ikalia, na ng'ambo ya bonde vijana na mbwa wakaanza kupiga kelele kufukuza wanyama waje upande wetu.

Na hapo nikamwona mume wangu. Nyumbani anaangusha vijiko, anagonga milango, anakoroma. Kule hakuna kilichosikika kwake, hata pumzi. Aligeuza shingo kabla mimi sijasikia kitu. Nilimtazama yeye kuliko msitu. Niliona aibu kidogo, kama msichana.

Nguruwe akatoka. Mkubwa, mabega yamejaa, akapita mbele yetu bila haraka. Papa Odette akainua bunduki, akamfuata polepole, polepole. Nikaziba masikio. Kimya. Nguruwe akaingia kwenye vichaka, basi.

Akaifungua bunduki mbele ya macho yangu. Haina kitu. Akatoa risasi mbili kwenye mfuko wa koti, akanionyesha, akazirudisha.

"Roho yako haiyapola bado, Maman Odette."

Nikamuuliza kwa kunong'ona amejuaje kwamba haijapoa.

"Ulikubali mbio. Miaka trente, hauyakubali kitu mbio." Ni kweli, kwa miaka thelathini sijakubali jambo haraka.

Wakati wa supu wenzake wakamtania. Nguruwe mzima amepita puani pake. Wakamuuliza kama alilala. Akasema ndiyo, kidogo. Mimi nikatazama bakuli langu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Bado nimekasirika. Kumbe alijua tangu mezani. Amenisafirisha mpaka Ardennes nikagande kwenye kigoda, na bunduki tupu.

Jumanne, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimefikiria kanisani badala ya kusali. Angeweza kuniaibisha pale mezani, Monsieur Luc akisubiri. Hakufanya. Angeweza kuwaambia wenzake kwamba mke wake ndiye aliyeharibu. Alikubali kuitwa mlalaji. Sijui wanaume wangapi wangeweza. Kaka zangu, hapana.

Jumapili, 6 Novemba

Leo kopo niliweka mimi. Hakuna anayekwenda kuwinda leo. Niliweka tu, baada ya chakula, nikakaa mbele yake.

Nikasema: sitaki kurudi Likasi kukaa. Kutembea, ndiyo, hata kila kiangazi. Kukaa, hapana. Nataka wajukuu waje Jumatano baada ya shule kula beignets zangu, maandazi ya kwetu. Nataka nizeeke hapa Saint-Gilles, na ngazi zake mbaya. Nikasema pia kwamba naogopa ataniacha aende peke yake. Hilo sikupanga kulisema. Nililia, si sana.

Akazungusha kopo. Nikamuuliza, kama alijua nimedanganya, mbona hakukataa tu kwenda kuwinda.

"Nilitaka unione kule," akasema. "Lakini balasi, hapana. Baba alisema, muntu akidanganya mbele ya mayi, balasi inaenda kwenye inataka. Na kule kuko batoto ya bantu banafukuza nyama."

Balasi ni risasi; batoto ya bantu, watoto wa watu, ni wale vijana wenye mbwa. Halafu akasema, "Bon. Sasa umesema," akanywa. Likasi yenyewe hakuitaja. Sijui kama nimeshinda au nimempoteza.

Jumapili, 13 Novemba

Jana tulirudi msituni. Baridi zaidi. Kopo lilikuwa fupi: mimi hofu, yeye goti.

Safari hii nilisikia risasi zikiingia kwenye bunduki. Saa za kwanza hakuna kitu, matone tu. Halafu akanigusa bega kwa kidole. Nguruwe huyo, pengine yuleyule, kwenye mteremko. Nyuma yake mbali niliona kitu cha machungwa kinatembea kati ya miti. Mfukuzaji. Papa Odette naye alikiona. Bunduki iko begani, lakini hapigi. Nguruwe anakuja. Hapigi. Akatupita karibu mpaka nikasikia miguu yake kwenye majani. Alipoingia upande wa pili, nyuma yake udongo mtupu wa mlima, ndipo akapiga. Mara moja. Nguruwe akakunja miguu ya mbele, akalala.

Hakushangilia. Alivua kofia, akasimama. Nilimpenda vibaya sana wakati ule, naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Huko wana desturi yao. Mnyama huwekwa kijitawi mdomoni, tonge la mwisho. Monsieur Luc akampa mwindaji kijitawi kingine cha kuchomeka kofiani. Papa Odette akakivunja, nusu akanichomekea kwenye kitambaa changu. Wazungu wakapiga makofi. Mmoja wa waliomtania kwenye supu akaja kumshika mkono.

Jumatatu, 14 Novemba

Ini. Nimelikaanga na vitunguu. Yeye hali nyama aliyoiua mwenyewe, amekaa tu kunitazama nikila. Nimekula lote. Kijitawi kiko kwenye glasi dirishani.

Jumamosi, 10 Desemba

Msimu unakwisha. Bado hasemi lolote kuhusu Likasi. Jana kwenye simu na mdogo wake wa Likasi alifunga mlango. Alitoka macho mekundu. Sikuuliza. Nimejifunza kunyamaza mwaka huu, na ni kazi mbaya.

Jumamosi, 14 Januari 2012

Mvua. Pasi. Wajukuu walikuja Jumatano, makombo bado yako kwenye kochi.

Mchana Papa Odette alirudi amelowa, na kitu kirefu kwenye mfuko wa plastiki. Alisema nyumba ya Likasi amemwachia mdogo wake, na sisi tutapewa chumba cha mbele kila kiangazi. Akaenda kubadilisha soksi.

Nilifungua mfuko. Kigoda cha kukunja, kipya. Nimekiweka nyuma ya mlango, kando ya kile cha zamani.