Nitakusalimia Nikiwa Nimesimama

Lemon Gaba,
Juba.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Mirembe,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Hujambo? Magoti yanaendeleaje na baridi ya Nakuru? Na Prossy, bado anakunyima sukari kwenye chai? Sisi wote ni wazima. Barua za mwaka jana aliziandika mume wangu Jude huku mimi nikimtajia maneno, lakini hii ni ya mkono wangu. Ukiona mistari inapanda mlima, nivumilie.

Shangazi, wiki tatu zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, kule Kampala. Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua hutapata usingizi. Nisamehe.

Unakumbuka tulidhani ni mtoto wa jicho tu. Kumbe kulikuwa na glakoma pia, ile presha ya jicho inayoua mshipa kimyakimya. La kushoto ilishalimaliza, na daktari hakunificha kwamba hilo halirudi. La kulia matone yalikuwa yameshindwa kushusha presha, basi akaamua kufanya yote kwa mara moja. Alimtoa mtoto wa jicho, akaweka lenzi mpya, kisha akapachika mrija mdogo sana wa kupitishia maji yanayozidi ndani ya jicho. Niliogopa, Shangazi. Ndilo jicho lililokuwa limebaki.

Juzi nilikwenda sokoni Konyo Konyo kumshukuru Keji, jirani yangu wa meza, aliyeniuzia maharage yangu siku zote nilizokuwa sipo. Akaninyooshea kiganja chenye punje. “Namukasa, wewe iko naona hii?” Nikamwambia naona, tena naona amechanganya ya njano na mekundu. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

Ila nusura niharibu kila kitu. Daktari alinikataza kuinama na kubeba vizito kwa wiki sita. Siku niliyofika nyumbani, mzee Fulgensio, baba mdogo wa Jude, aliingia kunipa pole. Ulivyonilea wewe! Kabla sijafikiri nilikuwa chini kwa magoti, kichwa karibu kiguse mkeka. Jicho likauma, likawa jekundu, nikalia kama mtoto. Jude akanikimbiza kliniki. Mrija ulikuwa mahali pake na presha ilikuwa nzuri, asante Mungu. Tangu siku hiyo Jude anawatangazia wageni mlangoni kwamba mke wake hapigi magoti, ni amri ya daktari. Mzee Fulgensio anasema nimekuwa mzungu.

Bado natia matone, na pembeni kuna ukungu kidogo. Lakini kanisani nafungua kitabu cha nyimbo mwenyewe, na nimeridhika.

Nisalimie Prossy, na Kizza na wanawe. Mungu akushike mkono njiani, akufikishe salama huku Juba kwa ubatizo wa mjukuu wetu tarehe 23 mwezi huu.

Siku hiyo wiki zangu sita zitakuwa hazijaisha. Najua ulivyonichapa miguu nilipokuwa mdogo kwa kusalimia wakubwa nimesimama. Ukishuka kwenye basi utanikuta wima, kichwa juu. Usikasirike. Mwaka juzi nilikupigia magoti vizuri kabisa, na uso wako sikuuona. Safari hii nataka kuuona.

Mwanao akupendaye,
Namukasa