Hongera kwa Anayetapika

Jumatatu, 9 Januari

Baridi ya kukata masikio, na Daktari Tohir ananituma mlango kwa mlango kuuliza nani katapika. Kazi gani hii! Watu wa mji wetu wa Margilon wakikuona na vikopo vya kupimia choo wanakufungia mlango puani.

Utafiti wenyewe ni wa virusi vya noro, hivi vya kutapika na kuharisha vinavyokuja kila majira ya baridi. Wakubwa wanataka kujua vinaielemea zahanati kiasi gani — vitanda, dripu, siku za kulazwa — kwa kila rika. Watoto wadogo tele. Wazee tele. Wake wachanga, hawa wa miaka ishirini na kitu? Hakuna! Daktari leo kafurahi. Ati vijana wana damu kali, ugonjwa hauwawezi.

Damu kali! Nimemwambia: kila nyumba ninayoingia mke mchanga anatapika, ila mama mkwe ananijibu kwa kicheko kwamba ana mimba. Mji huu mke mchanga akitapika ni mimba, basi, hakuna la pili. Hapimwi, haletwi zahanati, anapewa hongera.

Daktari kanijibu nipeleke majibu, nisipeleke maoni. Nimesonya nilipofika getini.

Jumatano, 11 Januari

Leo zamu ya nyumba ya Sanobar, mama mkwe wa mdogo wangu Hulkar. Simpendi, hanipendi, na hilo ndilo jambo pekee tunaloelewana. Hulkar ana miaka miwili pale, hajazaa. Sanobar keshatamka: baridi hii ikiisha bila dalili ya mtoto, anamrudisha kwetu. "Kama alivyorudishwa dada yake." Dada huyo ni mimi, na aliyasema mbele yangu, huku akinimiminia chai!

Nimebisha, kafungua mwenyewe, meno yote nje.

"Ingia, Oydin! Leo hata wewe nakukaribisha. Mdogo wako anatapika!"

Hulkar kaketishwa mahali pa heshima, mbali kabisa na mlango, mito mgongoni. Midomo imemkauka, macho yamezama. Na mbele yake sahani ya pilau inayoogelea mafuta ya kondoo! "Kula, mwanangu, mjukuu wangu anataka nyama." Nimeuliza kama anaharisha pia. Sanobar: ndiyo, mtoto wa kiume hulichafua tumbo hivyo. Mungu wangu!

Kuna swali moja kwenye karatasi zangu: nani alimhudumia mgonjwa? Mjukuu wa Sanobar kwa bintiye aliugua hapo juma lililopita, alipokuja kulala kwao. Nani alimhudumia? "Hakuna mtu. Mkwe tu." Nyumba zote jibu hilohilo. Hakuna mtu, mkwe tu.

Sanobar alipotoka kuchemsha chai, nikamnong'oneza Hulkar. Kumbe anajua! Alikuwa hedhini juma lililopita, akaficha.

"Dada, tangu niolewe leo ndiyo mara ya kwanza sikuamka alfajiri kufagia ua. Niache nikae."

Nimempa dawa ya chumvi na sukari achanganye na maji. Nimechukua choo chake kwenye kopo. Nilitaka kumwandika kwenye karatasi zangu, kaniapisha jina lake nisiliandike popote.

Ijumaa, 13 Januari

Maabara imejibu. Ni virusi, hakuna mimba wala nini.

Hulkar kapata nafuu, na hapo ndipo balaa. Sanobar kaalika wanawake wa mtaa mzima Jumapili, kushukuru. Na nani anakanda unga wa mikate? Huyohuyo! Ugonjwa huu hujificha siku moja au mbili kabla ya kuonekana, na mtu anaendelea kuwapa wenzake siku kadhaa baada ya kupona. Nikampigia simu: usiguse unga.

"Nikikataa niseme nina nini?"

"Sema ukweli."

Kakata simu.

Na yule daktari — kwenye ripoti yake anataka kulifuta rika la wake wachanga. Ati halina mzigo. Halina mzigo! Ndoo za matapishi ya watoto na wazee wa mji huu anabeba nani, yeye? Nimetoka bila kuaga.

Jumapili, 15 Januari

Nilikwenda nikiwa nimejipanga. Nitasema tu kwamba mikate isiliwe, sababu nitaitunga hapohapo. Nafika, Sanobar ananitambulisha kwa wageni:

"Huyu dada yake, yule tasa aliyerudishwa. Wewe kaa huko mlangoni kwenye viatu, usije ukamwambukiza mkwe wangu."

Wakacheka, ukumbi mzima. Hulkar akainamisha kichwa. Nami nikakaa kwenye viatu, nikafunga mdomo, nikawatazama wanavyoimega ile mikate. Moyoni nasema: kuleni. Kuleni mshibe!

Mikono ikainuliwa kwa dua. Sanobar katikati ya dua akanyamaza. Uso ukamgeuka rangi. Akainuka, hakufika popote — yote kwenye sinia la halua. Na mimi, mdomo huu, mdomo huu usio na breki:

"Hongera, mama! Mwezi wa ngapi?"

Mmoja akaguna, wa pili akaangua kicheko, mwishowe wote wanashika mbavu. Raha niliyoisikia! Sikumbuki lini nilisikia raha kama ile.

Sanobar kafuta mdomo. Kanitazama mimi. Halafu kalitazama tumbo la Hulkar, kwa muda mrefu. Mjinga si yeye. Mjinga ni mimi!

"Na wewe ulianza hivihivi," akamwambia.

Hulkar akaliinua lile sinia, akatoka nalo.

Wageni wameondoka. Niko uani, vidole vimekufa ganzi, ndani sikaribishwi. Ilhom, mume wa Hulkar, kaitwa kutoka sokoni. Kanipita bila salamu. Namsikia mama yake anazungumza, anatapika, anazungumza tena. Hataki kuguswa na yeyote ila Hulkar. Atamrudisha kesho, lakini leo amshikie beseni!

Hulkar katoka na ndoo mara nyingi. Sasa hivi nimemfuata nimpokee, akaivuta upande wake.

"Ulitaka kuniandika, dada. Haya, niandike. Andika jina la ukoo wa kwetu, maana hili la mume —"

Ndani Sanobar akamwita. Akakimbia na ndoo yake.