Siku Saba za Ghala la Majaribio

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nawe uwafikishie mama na watoto. Nasikia kifua cha mama kimetulia, nimefurahi. Mimi mwili ni mzima, chakula ndicho hakipiti. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu zetu hupokei, na sikulaumu.

Najua ulimwuliza mumeo, shemeji yangu, mara nyingi kwa nini alifukuzwa kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, naye akakujibu ni uzembe wake, basi. Ukasema huwezi kuishi na mwanamume anayekuficha mambo, ukafungasha, ukaenda kwa mama na watoto wote watatu. Acha nikueleze.

Pale kazini sisi hutengeneza programu ya kadi za wagonjwa, inayotumiwa na zahanati zaidi ya mia mbili. Tukirekebisha kitu, tunakifunga kuwa kifurushi na kukiweka kwanza katika ghala la majaribio. Humo kinakaa siku saba, na zahanati mbili zilizokubali hukitumia kabla ya nyingine. Kikionekana salama, shemeji peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kukihamishia ghala kuu, ambako kompyuta zote hukichukua zenyewe. Tulimtania tukimwita Bwana Subiri. Alicheka, lakini hata mkurugenzi ambembeleze vipi, hakupunguza siku hata moja.

Siku ile kifurushi kisichojaribiwa kiliingia ghala kuu saa nne asubuhi. Kufika saa sita kadi hazifunguki. Siku mbili nzima wauguzi hawakujua nani anatumia dawa gani. Mama mmoja alichomwa sindano ambayo kadi yake ilikataza. Yu hai, namshukuru Mungu, ila hasikii tena vizuri.

Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha jina la shemeji. Akaitwa, akakubali, akatoka na kikombe chake cha chai tu.

Dada, ni mimi. Shemeji alikwenda kumchukua mwanenu shuleni ana homa, akaniachia kompyuta yake wazi nimalizie ripoti, kwa kuwa ananiamini. Nilikuwa nimemwahidi mkurugenzi marekebisho yangu siku hiyo, natafuta sifa. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja tu wa tarehe. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nikabonyeza, kifurushi kikahamia ghala kuu.

Aliporudi alijua. Nilimfuata hadi kwenye ngazi, nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanishika bega.

"Nyamaza. Dada yako ndiye aliyekulea. Akinichukia mimi, ataishi. Akikuchukia wewe, je?"

Nikanyamaza miezi mitano. Wakanipa kiti chake, nami nikakikalia. Najionea haya hata kunawa uso mbele ya kioo.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mkurugenzi kueleza yote. Nimeona nianze na wewe. Usinisamehe haraka. Lakini jua kwamba mumeo hakuficha kosa lake, alificha langu.

Wabusu watoto. Mama usimsomee haya mpaka nije mwenyewe. Jana nilipita kwa shemeji. Bado anapika chakula cha watu watano.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemlea.