Kichina Kinaandaliwa

Jumatatu, 5 Juni 2017
Asilimia sabini na moja. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Tet, mwaka mpya wetu, ndivyo ilivyo leo. Kile kikobe cha kijani cha programu ya masomo ya lugha ya bure kinatabasamu tu kwenye simu: “Kichina kinaandaliwa.” Kinaandaliwa! Ingekuwa wali ungeshaungua.

Yu-chen anakuja tarehe mbili Julai. Ana miaka sita, mjukuu wangu wa pekee, na hatujawahi kuzungumza. Mwanangu Thoa aliolewa Taiwan. Mama mkwe wake akakataza Kivietnamu, eti mtoto atachanganyikiwa; anajua Kichina tu. Basi kila Jumapili mimi na mjukuu tunachekeana kwenye simu kama mabubu. Ile mashine ya kutafsiri niliijaribu mara moja. Sijui ilimwambia nini, mtoto akaangua kilio. Siigusi tena.

Alhamisi, 8 Juni
Jirani yangu Quyết naye anakisubiri Kichina. Kila msimu wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka wanabishana mbele yake juu ya matunda yake mwenyewe ya lichi, naye anaitikia kwa kichwa tu. Leo kaja mbio. “Dada, wamenifungia!” Kumbe aliwaandikia wenye programu mara arobaini kwa siku moja: LETENI KICHINA. Nikamwambia mwombaji hatukani.

“Sikutukana, dada. Nilisema tu kobe wao mvivu.”

Jumatano, 14 Juni
Quyết kaleta ujanja. Lipo somo la Wachina wanaojifunza Kiingereza — tuligeuze, tuingilie mlango wa nyuma! Ila Kiingereza chenyewe sikijui. Kipofu kumwongoza kipofu. Saa mbili nzima, na mavuno yangu ni haya: “Mwanamume huyu anakunywa maziwa.” Nitamwambia nini mjukuu kuhusu mwanamume huyu?

Jumanne, 20 Juni
SABINI NA NNE! Nimepiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Jumatano, 21 Juni
Sitini na nane. Wamekuta makosa, eti wanarudia. Siandiki zaidi, nitavunja simu.

Jumapili, 2 Julai
Wamefika. Jamani, ni mdogo! Ana masikio ya marehemu babu yake. Alinipa mkono kama karani wa benki, nikaupokea na kulia.

Chakula kimeharibika. Si kuku — kuku alikuwa mzuri. Tulikaa na Quyết na mkewe. Hapa kwetu aliye mdogo kuliko wote huwakaribisha wakubwa kwanza, mmoja mmoja, bibi karibu chakula, mama karibu chakula, ndipo vijiti vya kulia viinuliwe. Tukasubiri. Yu-chen akachukua paja la kuku, akauma.

Mke wa Quyết akainamia bakuli lake. Nilitaka kusema: kula, mwanangu, kula tu. Neno sina! Aibu ikanipanda, nikamgeukia Thoa. “Miaka sita! Hata kumkaribisha bibi yake hajui? Umelea mtoto au umelea paka?”

Thoa akajibu polepole kwamba hata mimi nimeshindwa kumkaribisha mtoto. Yu-chen akarudisha paja kwenye sahani, akafuta vidole. Maneno hakuyaelewa, sauti aliielewa. Nimejichukia.

Jumatatu, 3 Julai
Yu-chen hajala tangu jana. Thoa hasemi nami; kaenda kwa Quyết kuzungumza na wanunuzi kwa niaba yake. Mtafsiri wa bure kapatikana, Quyết anacheka peke yake! Mimi nimebaki na mtoto kizingitini, daftari pajani. Nimemenya tunda moja la lichi nikamwekea kiganjani. Analishika tu, halili.

Nimelitafuta neno “nisamehe” kwenye lile somo la mlango wa nyuma. Lipo mbele kabisa, limepigwa kufuli. Kwanza nimalize wanyama, kisha rangi, kisha mavazi. Shenzi!

Amesema kitu. Maneno manne, au matano. Labda ana njaa. Labda anataka kwao. Nikatikisa kichwa. Amerudia, taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga. Nikatikisa tena. Hakukasirika. Amenishika kidevu kwa vidole vinavyonata, akanigeuza nimtazame mdomo. Sasa anasema mara ya tatu, na kalamu hii anaivuta mkononi mwangu —