Mpira Aliopewa Ombeni

Alhamisi, 12 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nimekoka moto, nimepika uji wa ulezi, nimeunguza. Kama jana. Kuku wa jirani kaingia tena jikoni bila hodi. Siku moja ataingia na hatatoka.

Skola kapita kabla ya kwenda chuoni. Mjukuu wangu. Nimemlea mwenyewe hapa Mazwi, Sumbawanga, tangu hajui kufuta kamasi, leo ni mwalimu wa chuo na kocha wa timu yao ya mpira wa kikapu. Ya wavulana! Majitu marefu kama nguzo za umeme yanamwitikia "ndiyo, kocha". Mimi ananiita mume wangu. Kaonja uji, kautema. "Mume wangu, hii ni lami."

Kesho wanakwenda Mbeya, mechi Jumamosi. Nikasema naenda. Kasema basi ni la wachezaji. Nikasema basi nitacheza.

Naenda.

Ijumaa, 13 Juni

Njiani kutwa. Nimekaa kiti cha mbele, nani wa kunitoa? Vijana wote shikamoo Babu, shikamoo Babu, mpaka mdomo ukachoka na marahaba.

Nyota wao ni Festo, mtoto wa Kabwe. Akipita mlangoni anainama kama anaingia kitubioni. Pointi karibu zote ni zake. Pembeni yake anakaa Ombeni wa Kasanga, mfupi, kimya, salamu yenyewe anaitoa kama anakopesha. Nilimuuliza Skola mfupi huyu wa nini. Kasema, "Ana mkono." Nikamtazama vizuri. Ana miwili, kama mimi.

Laela tulikula mahindi ya kuchoma. Jino limenisaliti.

Jumamosi, 14 Juni

Tumefungwa. Pointi moja. Moja! Nimeketi kwenye bweni la wageni, naandika na hasira.

Niyaandike kwa mpangilio.

Tulipoingia tu uwanjani, mashabiki wa Mbeya wakaanza. "Sumbawanga, radi mmekuja nayo?" "Ungo mmeegesha wapi?" Wimbo ule ule, kila Mfipa ameshaimbiwa. Vijana wetu wakainamisha vichwa. Mimi nikasema sawa, mnataka mchawi? Mtampata. Nikachukua fimbo yangu, nikaenda kusimama nyuma ya ringi waliyokuwa wanafungia wao. Nikagonga nguzo mara tatu. Nikanong'ona kwa Kifipa, macho nimeyatoa. Nilikuwa nataja majina ya mbuzi wangu wa zamani. Basi hawakuingiza! Kijana mmoja alipewa mitupo miwili ya adhabu, yote alirusha huku ananitazama mimi. Yote nje. Refa akaja, "Mzee, rudi ukae." Nikarudi. Kazi nilishamaliza. Nikawatangazia vijana wetu benchi zima, ringi ile nimeiziba, hakitapita kitu.

Mapumziko tunaongoza. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, timu zimebadilishana upande. Hakuna aliyeniambia kwamba mchezo huu una tabia hiyo. Ringi niliyoiziba sasa ni yetu ya kufungia.

Nilicheka. Nikaacha kucheka wenzetu walipoanza kutufikia.

Mwishoni tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde chache, mpira wetu. Skola kaomba mapumziko mafupi. Kachora chora kwenye kibao chake. Uwanja mzima ulijua mpira ni wa Festo. Hata mimi nilipiga kelele, "Mpe Festo! Mpe Festo!" Filimbi. Festo akaenda chini ya ringi, wawili wakamfuata, wa tatu naye akamkimbilia. Mpira ukaenda kwa Ombeni, kwenye kona, peke yake. Hata nzi hakuwa karibu naye.

Akarusha. Ukazunguka juu ya ringi kama mtu anayetafuta mlango. Ukatoka.

Jumapili, 15 Juni

Basi zima kama limebeba jeneza. Karibu na Tunduma sauti ikatoka nyuma, "Babu ndiye kaiziba ringi." Wakacheka. Kisha wakakumbuka kwamba wamefungwa, wakaacha.

Ombeni hakula njia nzima. Skola alikaa karibu naye.

Jumatatu, 16 Juni

Mji mzima umekuwa kocha. Waendesha bodaboda wa kijiweni hapa Mazwi, hata mpira wa kikapu hawajawahi kuushika, wanajua. "Shikamoo Babu. Mjukuu wako katuuza! Unamwachaje Festo?" Nikawajibu, marahaba, ninyi mnaokosa njia ya kwenda sokoni na abiria yuko mgongoni, ndio wa kumfundisha Skola? Mmoja kasema mwanamke hawezi kuongoza wanaume mechi ikibana. Nilimwuliza, mama yake alipokuwa anamzaa, alimwita nani amwongoze.

Nikaondoka na ushindi. Lakini moyoni nami ningempa Festo. Nisijidanganye.

Jioni Skola kaja. Mkuu wa chuo kamwita. Anataka Ijumaa, mbele ya walimu na timu nzima, asome maneno ya kuomba radhi, kwamba alikosea kumpa Ombeni mpira. Akisoma, yameisha. Asiposoma, timu anapewa mwalimu mwingine.

Nikasema soma, mke wangu, ni upepo tu unatoka mdomoni. Akawa anachambua maharage, hanitazami.

"Ombeni atakuwa amekaa pale pale, Babu. Ananisikiliza."

Kisha akasema, "Alikuwa huru. Huru kabisa."

Nikavuta kigoda, nikachambua naye. Jambo ambalo kwangu ni nadra.

Jumatano, 18 Juni

Ombeni kafunga begi, anataka kurudi kwao Kasanga, aachane na chuo. Festo kaenda kulikalia lile begi. Skola anasema alilikalia tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula, amekaa tu kama kuku anayelalia mayai. Mwisho Ombeni akacheka, wakaenda kula.

Huyo Festo nimeanza kumpenda.

Skola hatasoma. Kanieleza akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, vile vile alivyosimama utotoni alipokataa kunywa dawa ya minyoo. Dawa ile hakunywa. Timu ndiyo furaha yake. Najua atakavyokuwa bila timu, na sitaki kumwona hivyo.

Lazima nifanye kitu. Sijui nini. Mkuu wa chuo ni Mnyamwezi, mtani wangu tangu alipohamia hapa. Mwaka juzi nilimvua kofia msibani, akaikomboa kwa jogoo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda. Sikualikwa.

Nilijitanda kanga nyeusi ya marehemu bibi yake Skola, nikaingia ukumbini nalia kwa sauti. Walimu wakaruka. Mkuu kasema, "Mzee, hiki ni kikao." Nikamwambia huu ni msiba, pointi yetu moja imefia Mbeya, na mtani hapigi hodi msibani. Vijana wakaanza kuficha nyuso. Mkuu naye mdomo ukamcheza.

Nikasema mnatafuta wa kuomba radhi, mbona niko hapa? Mimi ndiye niliyeziba ringi. Niliziba bila kujua kwamba watabadilishana. Mpira wa mtoto ulikuwa unaingia, ukakuta mlango nimeufunga mimi. Niandikieni mimi hayo maneno nisome, ingawa nimeishia darasa la nne na nitasoma mpaka kesho.

Ukumbi ulipasuka. Mkuu alivua miwani akafuta machozi. Nikajiona bingwa.

Lakini si wote waliocheka. Mwalimu mmoja wa safu ya nyuma alinitazama kama mtu anayeweka kitu akibani. Nikakumbuka niko wapi, na umri wangu, na macho yangu mekundu ya moshi wa jikoni. Mji huu mzee akijisemea neno la uchawi, hata kwa utani, kuna watakaolibeba nyumbani.

Skola kasimama. Hakuwa anacheka. "Babu, kaa."

Nikakaa.

Kasema hakuna ringi iliyozibwa. Kasema watu watatu walimfuata Festo na yeye alijua watamfuata, ndiyo maana alimtuma kule. Kasema Ombeni alirusha vizuri na mpira ulikataa, mipira hukataa. Kisha akamgeukia Ombeni, akamwacha Mkuu na kikao chake. "Tungerudi pale pale leo, ningekupa tena. Siombi radhi kwa hilo. Timu chukueni."

Ombeni alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.

Mkuu kavaa miwani. Kasema timu ibaki na Skola, Mbeya watakuja huku kwa marudiano, tutaona. Kisha kanielekezea kidole. "Na wewe mtani, siku hiyo ukae mbali na ringi zote mbili."

Jumapili, 22 Juni

Skola hanisemeshi. Juzi njiani tulipotoka kikaoni kaniambia mara moja tu. Kwamba maneno yake alikuwa ameyaandaa, hakuhitaji mchekeshaji. Na kwamba nimejiita mchawi mbele ya watu, Sumbawanga hii, mzee mimi, na yeye ndiye atakayekosa usingizi. Alilia. Kwa hasira, lakini alilia.

Niliumia.

Leo baada ya misa mama mmoja kamvuta mtoto wake nilipopita. Labda mtoto alikuwa anakwenda barabarani. Labda.

Nitapita njia ile ile kila Jumapili, na fimbo yangu hii hii. Anayetaka kuniogopa aogope akiwa ananiona.

Jumatano, 25 Juni

Bado hasemi. Uji nimepika vizuri leo, kwa mara ya kwanza. Hakuna wa kuuonja.

Kuku wa jirani kaonja.

Jumamosi, 28 Juni

Upepo mkali. Nimetembea mpaka uwanja wa chuo, nikakaa kwenye tofali, mbali na ringi zote mbili.

Ombeni alikuwa kwenye kona, kona kama ile ya Mbeya. Anarusha. Festo yuko chini, anaokota, anamrudishia. Wengine walikwisha kwenda kuoga.

Skola kaja na chupa ya chai. Kaketi karibu yangu. Kaninyooshea kikombe. "Kunywa, mume wangu. Hii siyo lami."

Tulikunywa. Baadaye kaniuliza mimi ningempa nani. Nikasema Festo. Kasema anajua, alinisikia nikipiga kelele, sauti yangu ilipita uwanja mzima. Hakukasirika.

Ombeni kasimama na mpira, kanitazama. "Babu, njoo uzibue."

Nilimtazama Skola kwanza. Katikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Nikainuka, magoti yakalia, nikaenda nikagonga nguzo mara tatu. Nikataja mbuzi wawili tu, wale wapole. Nikamwambia iko wazi.

Akarusha. Ukazunguka, ukatoka.

"Mpe tena," kasema Skola.

Festo akampa.