Njia za Panya Kichwani mwa Baba Limi

Jumatatu, 3 Machi
Nepi za Limi bado mbichi. Mvua tena. Jino linamsumbua, hakulala, nami sikulala. Baba Limi anakunywa uji aende karashani kusaga mawe ya dhahabu. Kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Namwita, ananitazama tu. Mama mkwe wangu, Mayu, akasema katupiwa kitu, achanjwe kwanza kwa mganga. Nimekataa. Nimeita bajaji.

Jumanne, 4 Machi
Hospitali, Geita. Wamempiga picha ya kichwa: kiharusi. Damu imeganda, imeziba mshipa mkubwa kichwani. Dawa ya kuyeyusha hapa hawana. Daktari, binti wa rika langu, kanieleza taratibu. Barabara kubwa imefungwa, damu inapita njia za panya, mishipa midogo ya pembeni. Hiyo ndiyo inalisha ubongo sasa. Ikishindwa, tunampoteza. Kwa hiyo alale chali, asiinuliwe. Presha iko juu, wameiacha makusudi, ndiyo inayosukuma damu.
Naogopa. Ila nimeelewa.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoka kufua, nakuta Mayu kamkalisha, anasaga vidonge vyake mwenyewe vya presha amtilie kwenye uji. Macho ya Baba Limi yanazidi kulegea. Nimemlaza upesi, nikaita nesi.
“Umeishia la saba, leo umekuwa daktari?”
“Sijawa, Mayu. Hivyo vidonge rudisha.”
Mama wa kitanda cha pili akasema, “Mama Limi, ukimaliza hapo njoo unifukuzie na wifi yangu.” Watu wakacheka. Mayu akalia. Nina hasira naye. Namwonea huruma pia, ni mwanawe wa pekee.

Alhamisi, 6 Machi
Mkono bado umelegea vilevile. Limi ana homa. Nimechoka hadi mifupa. Nimemfuta Baba Limi uso, nikamwambia asithubutu kuniacha.

Jumamosi, 8 Machi
Picha ya pili ya kichwa. Sehemu iliyokufa ni ndogo kuliko walivyohofia. Vile vijia vimehimili. Nimemweleza Mayu kwa Kisukuma, polepole, mara mbili. Kachukua kanga yangu chafu, kaenda kuifua.

Jumapili, 9 Machi
Maneno bado hayajamrudia. Daktari anasema yatachukua muda, mengine huenda yasirudi. Sawa.
Jioni nimekaa ukingoni mwa kitanda, namnyonyesha Limi. Mkono wa kulia wa Baba Limi ukaanza kusogea juu ya shuka. Taratibu sana. Sikumsaidia. Ukafika kwenye kisigino cha mtoto, ukatulia hapo.