Pweza wa Alkhamisi

Babu yangu,

Nna njaa. Hilo ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu, si Mama, si Bibi, na hata kwenye dua nimeona haya kulitamka. Siku ya hitma yako wanawake walijaa ukumbini wanasoma, Mama macho yamemvimba, na mimi nimeinamia juzuu yangu. Nikasikia nyuma yangu, "Masikini, mtoto huyu kafiwa." Ni kweli nilikuwa nimefiwa. Lakini Babu, nilikuwa namfikiri pweza. Nilimwona kabisa, kajikunja juu ya makaa kwa Bi Thuwaiba kule ufukweni, mikono yake imeshika wekundu, na wewe umenyofoa kipande, unapuliza vidole. Mate yakanijaa kinywani na juzuu mkononi. Tangu siku hiyo najiuliza ni mtu wa namna gani ambaye kaburi la babu yake, hapo nyuma ya lango la mji, halijakauka, naye yumo anatamani chakula.

Nakuandikia ghalani, nyuma ya magunia ya tende, kwa herufi zetu za skuli ya Unguja. Nikisikia mtu anapita, naikunja karatasi naitia chini ya jamvi. Sijui naficha nini. Bibi herufi hizi hazisomi, anasoma za Kiarabu tu, na Mama nafasi hana. Lakini wewe wanijua. Mimi hata nikipiga chafya nageuka kutazama nani kanisikia.

Nikupe za nyumbani. Baba bado yuko Kuwait kazini, hakuwahi hata maziko. Bakora yako iko pale pale pembeni mwa mlango, hapana aliyethubutu kuisogeza, tunafagia tukiizunguka. Na Bibi yumo chumbani, anakaa eda.

Wenziwe wakikaa eda hutoka ukumbini, hupiga soga na wageni, hugombana na wajukuu. Bibi hatoki. Kakaa juu ya mkeka wake kauelekea ukuta. Hasemi kama hataki kula, ndilo linalotutesa. Akipelekewa sahani husema, "Weka hapo, ntakula," na sahani hurudi kama ilivyokwenda. Tende na kahawa, basi. Mama kampikia uji, kampikia mchuzi wa kuku, kahangaika mpaka soko la Matrah kumtafutia nazi. Nazi, Babu, huku kwenye nchi ya mitende! Bibi akaonja tui kwa ncha ya kidole, akasema, "Ahsante mwanangu," akageuka. Juzi Mama uvumilivu ukamshinda, akamwambia, "Mama, utakufa." Bibi akajibu polepole kama anayeulizwa njia, "Na si huko wanakokwenda watu?" Mama akatoka akaenda jikoni akawasha jiko la primasi lisilokuwa na chungu juu yake, ili sauti yake ifunike kilio. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Mimi siku zote niko nyuma ya mlango.

Na mitalawanda yake, viatu vya mti wa kwetu, aliyoikumbatia melini wakati wenziwe wanakumbatia dhahabu, imelala mlangoni pa chumba chake. Unakumbuka ilivyokuwa ikikuamsha kwa sala ya alfajiri? Ko, ko, ko. Wewe ukisema nyumba hii haihitaji jogoo. Tangu siku uliyotolewa humu sijaisikia.

Basi nilikuwa nimelala nafikiri, nikakumbuka lile neno alilolisema Bibi melini, mwaka ule wa sitini na nne tulipoikimbia Unguja. Sote tunatapika, yeye kakaa wima kama nguzo. Akasema, "Pweza ntamla nikirudi kwetu. Kabla ya hapo simli." Kwa sababu Alkhamisi nyumbani Unguja ilikuwa siku ya pweza wa nazi, na siku tuliyoondoka chungu kilibaki mekoni, hakikupakuliwa. Wewe ulimpangusa uso kwa kilemba chako.

Kisha ukaenda ukamsaliti, Babu wewe!

Hiyo siku ya kwanza siisahau. Ulimwambia Bibi, "Namchukua huyu akanyooshe miguu," na miguu yenyewe tukaipandisha majabali, tukateremka upande wa pili mpaka Sidab, mwavuli wako juu, jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino. Pale ufukweni pana kibanda cha makuti ya mtende, miti minne na jamvi, na mawimbi yakijaa yanalamba jamvi kidogo. Bi Thuwaiba, mjane wa watu, anachoma samaki wanaoletwa na ndugu zake, na wavuvi wanakula pale pale kwa mkate mwembamba kama karatasi. Ukaagiza pweza. Jina lake la huku hukulijua, ukaweka mikono chini ya kidevu ukachezesha vidole vyote, mzee mzima mwenye kanzu ya kwendea msikitini! Bi Thuwaiba akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda akakuletea pweza katika kopo, na pamoja naye ndoana na mshipi. Alidhani unataka chambo. Kwao pweza ni chakula cha samaki, si cha mtu. Akakuonyesha na mwamba mzuri wa kukaa kuvulia.

Ukashukuru, ukarudisha ndoana, ukavua makubadhi, ukaanza kumpiga pweza juu ya jabali. Paa! Paa! Watoto wa Sidab wakaja mbio. Mmoja akawauliza wenziwe, "Kwani pweza kamfanya nini?" Mwengine akajibu, "Kamkasirisha." Na Bi Thuwaiba akatikisa kichwa: "Ugeni mbaya. Leo pweza, kesho atakuja kunipigia kaa."

Ulipomchoma ukamgaia kipande. Alitafuna kama mtu anayekunywa dawa. Kisha akanyoosha mkono bila ya kukutazama usoni, akachukua cha pili.

Na mimi siku ile ile ndipo nilipofunga mdomo wangu. Ulinituma nikaombe maji. Kiarabu changu mimi ni cha chuoni na skuli, nikasimama mbele ya wale watoto nikasema kwa irabu zake zote, kama nilivyofundishwa. Wakatazamana. Mmoja akainua viganja vyake akasema, "Amin!" Kila nikisema neno, wanaitikia, "Amin! Amin!" Kama khutba ya Ijumaa. Ulicheka na wewe, usikatae, kisha uliponiona uso ukaacha. Toka hapo wewe ndiye uliyekuwa ulimi wangu. Alkhamisi baada ya Alkhamisi tulikwenda, wewe unasema, mimi nakula. Na njiani kurudi, kabla ya kuingia lango la mji, unanipa hiliki nitafune, na wewe unatafuna, tusinuke. Nyumbani Bibi kapika, na wewe tumbo limejaa tele, unakaa mkekani unakula tena, "Mashaallah, mashaallah," huku unanifinya nisikucheke.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Alkhamisi hii asubuhi nilimfuata Mama jikoni nikamwambia yote, yote isipokuwa ile njaa. Alinikazia macho. Nikadhani atanipiga. Akashika ukingo wa meza, akacheka, kicheko cha kwanza tangu uondoke, "Yule mzee! Na hiliki juu!" Akakamata buibui lake. "Twende." Nikamwambia, nani atasema huko? Akaniambia, "Mimi Kiarabu changu ni salamu na bei. Wewe ndiye uliyesomeshwa. Au tulimlipia mwalimu ukaseme na Mungu peke yake?"

Njia ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nilitunga maneno tangu langoni mpaka juu ya majabali, na tulipoiona bahari yalinitoka yote.

Bi Thuwaiba aliniona kwa mbali. Kabla hata ya salamu akaanza kunigombeza, mikono kiunoni: yuko wapi Mzinjibari wake, mbona kamsusa, kila Alkhamisi anamwekea pweza chini ya gunia lililolowa maji, jua likizama anawapa paka, na paka sasa wamenenepa hawashiki panya. Alikuwa hajui, Babu. Habari hazikuvuka jabali.

Mama akanitazama mimi. Wale watoto nao wamesogea, wale wale, wamerefuka kidogo. Na mimi sikuwa nimewahi kulisema. Watu ndio waliokuwa wakiniambia mimi. Kwa Kiswahili halitoki, nimejaribu hata humu ghalani, naandika "uliondoka", naandika "ulitolewa". Basi likatoka kwa Kiarabu. Cha vitabuni, na irabu zake zote, kwa sababu chengine sina. Nilisema kuwa babu yangu amehamia kwenye rehema ya Mwenyezi Mungu, kwa homa, na kwamba alikuwa akiwapenda watu wa mahali hapa. Nilifika mwisho.

Yule mtoto wa siku ile, yule yule, akainua viganja vyake akasema, "Amin." Na wenziwe wakaitikia. Hakucheka mtu.

Bi Thuwaiba alijifunika uso kwa ushungi wake, akakaa hivyo. Alipojifunua alikwenda kwenye beseni, akamtoa pweza, akanitilia mikononi, akanisukuma taratibu mpaka kwenye jabali lako. Pana weupe pale ulipokuwa ukipiga, unajua? Nikapiga. Mwanzo nilipiga kwa haya, kama nabisha hodi. Akanambia, "Piga, binti yangu, hivyo halainiki." Nikapiga, nikapiga, nikalia kwa sauti, mimi, mbele za watu, ufukweni, na kila nikitaka kuacha yeye anasema, piga. Nilipomaliza pweza kawa laini na mimi pia.

Tukamchoma. Chumvi, pilipili, ndimu. Na, Babu, nilikula. Nilikula mpaka vidole vikanata, na Mama naye, aliyesema anaonja tu, alikuwa anapangusa sahani kwa mkate. Bi Thuwaiba akatutazama akasema ndivyo ulivyokuwa ukila wewe, kwa pupa na kwa kushukuru. Hapo ndipo nilipoacha kuionea haya njaa yangu. Naona haikuwa njaa ya kukusahau. Wewe ndiye uliyenifundisha kula hivi.

Kipande kizuri tulikifunga kwenye mkate tukarudi nacho mbio tuwahi lango kabla halijafungwa. Hiliki hatukutafuna.

Nilikipeleka kwa Bibi mwenyewe. Mama alibaki nje. Niliweka sahani ubavuni mwake, nikasubiri aseme weka hapo, ntakula. Hakusema. Harufu ilimfika kabla ya macho. Akageuka akakitazama. Kisha akasema, "Leo Alkhamisi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sidab."

Nilitaka ardhi inimeze. Akaniambia, na sauti yake ile ya zamani, ya kugombeza, "Na babu yako akidhani kaoa mjinga humu? Hukuona kama Alkhamisi nabandika chungu kidogo? Mzee yule angepasuka, ale huko na ale huku."

Alijua, Babu. Siku zote alijua, akakupikia kidogo, na wewe ukala chote usimuudhi. Sijui kati yenu nani alikuwa akimhurumia mwenziwe zaidi.

Kisha uso wake ukabadilika. Akasema, si kwangu, kwa ile sahani, "Nlisema simli mpaka nende kwetu." Akaugusa ukingo wake. "Na mzee yule, kwake sasa ni wapi? Si hapo nyuma ya lango?" Nadhani hakuniuliza mimi. Nikatoka, nikaja humu. Sahani niliiacha.

Sijui kama atakula. Nimekuandikia yote haya kwa kuwa nilikuwa siwezi kukaa kusikiliza.

Basi nakuaga, Babu, vizuri, kwa kuwa siku ile sikukuaga, nilikuwa nyuma ya mlango. Umefariki. Tazama, nimeiandika, na kwa Kiswahili. Lala salama katika udongo wa huku, hata kama haukuwa wetu tulipofika. Nakuahidi Alkhamisi ntakwenda Sidab, na Mama au na yeyote, na nitasema mimi mwenyewe, kwa irabu zote, na wakiitikia amin naitikia nao. Paka wa Bi Thuwaiba watakonda. Na Bibi sitamwachia ukuta peke yake, nitakaa upande wa pili wa sahani, kama ulivyokuwa ukikaa wewe.

Subiri.

Ko.

Babu, ni mitalawanda. Ko, ko. Imetoka chumbani. Mama kaacha kuosha vyombo, sisikii tena maji. Inakuja huku, inakaribia mlango wa ghala, na jamvi liko hapa chini ya goti langu na mkono wangu hausogei. Wacha aone. Akiuliza namwandikia nani, ntamwambia.

Kasimama nje. Anapumua kwa nguvu, kachoka na hatua hizo chache. Ananiita jina langu, na ananigombeza: "Wewe Zuhura! Mtu gani aleta pweza bila ya ndimu?"

Nakwenda kumkatia, Babu. Karatasi naiacha hapa wazi.

Mjukuu wako,
Zuhura